Mlango wa Mama Onja

Mtu akisimama barabarani akaitazama nyumba ya mwenzake, kwanza huona mlango. Mlango ukimpendeza, huisifu nyumba. Usipompendeza, hupita zake. Wahenga waliijua tabia hiyo ya macho yetu, ndiyo maana wakatuachia maneno haya: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Yaani sura ya nje haikwambii utu uliomo, na anayetaka kuujua sharti avuke kizingiti. Hadithi hii ni ya mwanamke aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima maneno hayo, kisha siku moja, kwa uchungu wa kupoteza nyumba yake, akayasahau yeye mwenyewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa kuukuu. Nyumba zote za mtaa ule zilikuwa za zamani, zimeegemeana mabega kama wazee wanaorudi kutoka karamuni, lakini ya kwake ilisemwa zaidi kwa sababu ya mlango. Marehemu mumewe, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo, aliuunga mlango ule kwa mbao za sanduku kubwa la mashine, mwaka waliooana. Mbao zilikuwa nene na imara, ila useremala haukuwa fani yake. Ubao wa katikati ulikuwa na mshale mweusi na maneno "Upande huu juu", naye akaupigilia kichwa chini miguu juu, basi maisha yake yote mshale ule uliwaelekeza wageni ardhini. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Bawaba moja ilikuwa ya chuma, ya pili ya ukanda wa tairi. Mlango haukufungika sawasawa hata siku moja, lakini mwenye nyumba aliuvaa ufunguo wake shingoni kwa uzi, kana kwamba ndani amelaza hazina ya mfalme.

"Mwizi akija kwako," kinyozi jirani yake alizoea kumtania, "itabidi kwanza umfundishe kuufungua, halafu umfundishe kuufunga."

"Akija nitampa kazi," naye hujibu. "Nitamwambia aonje mchuzi."

Kuonja mchuzi ndiko kulikompa jina lake. Hakuna aliyemwita vinginevyo ila Mama Onja. Alipokuwa bado bibi harusi aliugua homa kali. Homa ikapona, lakini ikaondoka na ladha ya chumvi. Sukari aliijua, ndimu aliijua, pilipili aliijua kuliko alivyotaka, ila chumvi ilikuwa ulimini mwake sawa na maji. Kwa mtu anayependa kupika, hilo ni pigo kama la mshonaji asiyeona tundu la sindano. Mumewe akawa ulimi wake. Mume alipofariki, Mama Onja alilitoa jiko ndani akaliweka uani, mkabala na ule mlango usiofungika, na kila aliyepita alimwita kwa kijiko kilichojaa: "Wewe, hebu njoo uonje."

Akipita muuza maji, huonja. Akipita fundi wa baiskeli, huonja pia. Mmoja atasema ongeza, mwingine atasema acha hapo hapo, watabishana, watavuta vigoda, na chakula kikishaiva haiwezekani mtu aliyesaidia kukipika afukuzwe kwenye sahani. Ndivyo ua ule ulivyojaa watu mchana kutwa. Ugomvi wa mume na mke ulimalizwa pale, watoto walisomeana vitabu pale, na mgeni aliyekuwa akiucheka mlango huko nje, ndani alisahau kuondoka. Watu wengi walidhani ni ukarimu tu. Ukarimu ulikuwepo, lakini ulianza kama shida iliyotafuta msaada.

Siri ya chumvi ilijulikana na mtu mmoja tu, mke wa mwanawe wa kwanza. Huyu alikuwa mshonaji, mwanamke mpole mwenye vidole vyepesi, na mumewe alikuwa fundi bomba. Walikaa katika chumba cha nyuma na binti yao mchanga, ambaye mtaa ulimwita Kijiko kwa sababu hakukiachia kijiko mkononi hata akiwa usingizini. Mshonaji aliigundua siri hiyo kwa kumwona mama mkwe wake akionja mchuzi, akitulia, kisha akichungulia mlangoni kama anayemsubiri daktari. Hakumwambia mtu. Kuna mambo ambayo heshima huyafunika kwa shuka safi.

Kisha mji ukaanza kunenepa. Barabara ikataka kupanuliwa, na upana wake ukaangukia juu ya mtaa mzima. Watu wa ramani walikuja na kopo la rangi nyekundu, wakaiwekea kila nyumba alama ya mkasi ya kubomolewa ukutani.

"Miaka yote namwomba mwenye nyumba anipakie rangi kidogo," kinyozi alisema akiitazama alama yake. "Leo nimepakwa bure, na bado sijafurahi."

Wenyeji waliahidiwa makao katika majengo mapya ya ghorofa, upande wa pili wa mji. Ahadi ilitimizwa, hilo lisemwe kwa haki. Lakini kuhamishwa ni kuhamishwa. Muuza maji alirudi kwao. Fundi wa baiskeli alipewa jengo jingine, mbali. Wiki ile watu walikuwa wakiagana uani kwa Mama Onja huku wakionja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebishana kuhusu chumvi.

Siku ya kubomoa, tingatinga lilifika asubuhi likinguruma kama fahali mwenye njaa. Vyombo vilikuwa vimeshatolewa, ila Mama Onja alikataa kutoka.

"Siondoki bila mlango wangu," alisema.

"Mama, huko kuna milango," mwanawe fundi bomba alimbembeleza. "Mipya. Ina kitasa kinachofanya kazi."

"Huo si wangu. Huu baba yako aliutengeneza kwa mikono yake. Kuta ni udongo, waache wachukue. Nikiwa na mlango wangu, nyumba yangu ninayo."

Basi fundi bomba na kinyozi wakaanza kung'oa bawaba. Mlango uliokataa kufungwa maisha yake yote sasa ulikataa kufunguka. Walivuta, walisukuma, walitaja majina ya mama zao. Mwishowe dereva wa tingatinga akazima mashine, akashuka na mtaimbo wake, akawasaidia bila kuombwa. Mlango ukatoka ghafla, na wanaume watatu wakaketi chini kwa pamoja na mlango mapajani. Hata Mama Onja alicheka.

Lakini tingatinga lilipoigusa nyumba, kicheko kilimkauka. Ukuta wa mbele ulilala polepole, kama mtu mzima anayejilaza kitandani. Vumbi lilipotulia, ukuta wa jiko la zamani ulionekana kutoka barabarani, mweusi kwa masizi ya miaka mingi, wapita njia wakiutazama.

"Ningejua watauona," Mama Onja alisema taratibu, "ningeupaka chokaa."

Mshonaji alimkabidhi mumewe mtoto, akaushika mkono wa mama mkwe wake.

Makao mapya yalikuwa ghorofa ya nne. Mlango wa mbao ulipandishwa kwa ngazi, kwa kuwa haukuingia kwenye lifti, na kila kona ya ngazi ilidai ugeuzwe upya, kinyozi akiwa chini anatoa amri na fundi bomba akiwa juu anatoa jasho. Walipofika, wakaupima kwenye fremu. Ulikuwa mpana mno. Hakuna namna yoyote, si wima si ubavu, ambayo ungeweza kuwa mlango wa nyumba ile. Na kwa kweli nyumba ile haikukosa mlango: ilikuwa nao wa kahawia, uliong'aa kiasi cha mtu kujitazama, wenye namba ya shaba na kitundu cha kuchungulia. Ulikuwa umefungwa mtambo wa kujifunga wenyewe. Korido nzima ilipangwa milango ya namna hiyo, yote imefungwa, yote imenyamaza.

Mama Onja aliuegemeza mlango wake kwenye ukuta wa korido, akaingia ndani. Nyuma yake mlango mpya ukajifunga wenyewe: tak.

Siku za kwanza alijifariji kwa kitundu. Alikisogelea kila aliposikia nyayo, akatoa habari kama mtangazaji wa redio.

"Anapita yule muuguzi wa mlango wa mbele. Kachoka huyo. Anapita bwana mwenye kofia. Mama Kijiko, hivi watu hawa wote wana vichwa vikubwa na miguu midogo, au ni hiki kioo?"

"Ni kioo, mama."

"Afadhali."

Lakini kitundu huonyesha, hakionjeshi. Jikoni, Mama Onja alibaki peke yake na chumvi. Siku moja maharage yalikuwa kama bahari. Siku iliyofuata, kwa woga, yalikuwa kama maji ya kuoshea mikono. Alijaribu kumpa Kijiko aonje. Mtoto alikunja uso kama kitambaa kilichokamuliwa, akatema, kisha akadai kijiko kirudishwe. Kuhusu chakula, mwanawe na mkaza mwana wake walikuwa na neno moja tu.

"Tamu, mama," fundi bomba husema, akijimiminia maji.

"Tamu sana, mama," mshonaji humalizia, naye akijimiminia.

Ndilo kosa walilolifanya, na walilifanya kwa mapenzi. Huko uani, mpita njia asiye na haya alikuwa akisema ukweli wake waziwazi. Hapa heshima ilikuwa imewafunga watu midomo.

Mwezi ulipokaribia katikati, kitindamimba wa Mama Onja alikuja kumjulia hali. Alikuwa muuza vigae katika mji mwingine, mtu mwema mwenye sauti ya dukani. Alikula, akanywa maji mengi kuliko wote, akamtazama mama yake aliyekonda.

"Mama, twende kwangu," alisema. "Una chumba chako. Kina vigae sakafuni na ukutani. Ukimwaga maji, unapangusa mara moja yamekwisha."

"Hata nikimwaga machozi?"

"Hata hayo, mama." Hakujua kama ni utani. "Geti langu linafunguka kwa kubonyeza. Utapenda."

Mshonaji alikuwa akitia uzi kwenye cherehani. Alisubiri mama mkwe wake acheke, akatae, ataje mlango wake. Mama Onja akatikisa kichwa kukubali. Wakaafikiana kwamba kitindamimba arudi Jumapili ya mwisho wa mwezi na gari la kubeba mizigo.

Alipoondoka, mshonaji aliketi sakafuni karibu na miguu ya mama mkwe wake. Mama yake mzazi alifariki akiwa mdogo, na mwanamke huyu ndiye aliyemfundisha kumbeba mtoto, kumwogesha, hata kumwimbia.

"Mama, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mwanangu. Mmenistahi mno." Mama Onja alimpapasa begani. "Unadhani sioni? Mtu anayekula kitamu hamalizi jagi la maji. Nyie mnakula kwa heshima, hamli kwa ulimi. Mpishi asiyeambiwa ukweli amekwisha kuwa mgonjwa, na mgonjwa ni bora akaugulie kwenye vigae."

Aliyoambiwa yalikuwa kweli tupu, na mshonaji, aliyeijua siri ya chumvi, ndiye mtu pekee ambaye hakuwa na udhuru.

Mambo hayaji moja. Jengo lile lilikuwa na msimamizi, mtu mwembamba mwenye miwani, ambaye wakazi walimwita Bwana Marufuku kwa kuwa mabango yake yote yalianza na neno hilo. Marufuku kuanika nguo dirishani. Marufuku kupiga mpira kwenye ngazi. Alisimama mbele ya ule mlango wa mbao, akausoma mshale, akainamisha kichwa kutazama unaelekeza wapi, hakuona kitu.

"Mama, hiki ni nini?"

"Mlango."

"Milango iko ya kutosha. Ikifika Jumamosi, huu usiwepo hapa. Ama la, nitaupeleka jalalani."

Mama Onja hakubishana. Aliingia ndani, na tak. Hilo ndilo lililomtia hofu mshonaji kuliko lote. Mwanamke aliyeweza kusimamisha tingatinga alikuwa ameshindwa kumsimamisha mtu mwenye miwani.

Wiki hiyo hiyo mshonaji alikuwa amepata kazi kubwa, mapazia ya ukumbi wa shule. Vitambaa vyake vilikuwa virefu kama safari. Alivitandaza kitandani, vikamwagika; akavitandaza sakafuni, Kijiko akavitambalia toka pembe hadi pembe akiburuta kijiko. Asubuhi moja alitoka kwenda kwenye korido kupumua hasira. Mwishoni mwa korido kulikuwa na uwazi mpana mbele ya ngazi, na dirisha kubwa lililoingiza mwanga mweupe, safi, wa kukatia kitambaa. Akautazama mwanga. Kisha akautazama mlango wa mama mkwe wake, mpana, mnene, wa mbao zilizonyooka.

Alishuka ghorofa ya kwanza, alikokaa kinyozi. Kinyozi alikuwa ameokoa mabenchi mawili ya wateja kutoka kibandani kwake, na sasa aliyatumia kuwekea maua ambayo hakuwa nayo.

"Niazime mabenchi yako."

"Umefungua kinyozi?"

"Nataka kuulaza mlango."

Kinyozi alimtazama kwa muda. "Umechoka kusimama, maskini," alisema, akabeba benchi moja.

Waliulaza juu ya mabenchi, karibu na dirisha. Mshonaji akaufuta kwa kitambaa chenye maji, na rangi ya kijani ikaamka kidogo. Pazia likalala juu yake bila kumwagika hata ncha. Makasi yalianza kutembea, krr, krr, na Kijiko akaketi chini ya mlango kama aliyepewa nyumba yake.

Nyayo zikaanza kupungua mwendo. Bwana mwenye kofia, ambaye kichwa chake kumbe kilikuwa cha kawaida, alisimama kuuliza kama anaweza kupunguziwa suruali. Watoto wawili waliotoka shule waliona ncha ya meza iliyo wazi, wakaweka madaftari yao bila kuomba ruhusa. Mmoja akausoma ule mshale, akaufuata kwa kidole.

"Mbona unaonyesha kwenu?"

Ndipo mshonaji alipoona. Mlango ukiwa umelala, mshale uliokuwa ukielekeza ardhini sasa ulielekea moja kwa moja kwenye nyumba ya Mama Onja. Akaacha makasi, akaenda kuufungua mlango wa kahawia, akauzuia kwa kigoda usiweze kujifunga.

Mama Onja alikuwa jikoni, amesimama juu ya sufuria la maharage kama mtu aliyesahau njia. Kelele za watoto zilimfikia. Alitega sikio. Akasikia makasi, akasikia kinyozi akimwambia mtu kwamba nywele zake zinaomba msaada. Taratibu, akiwa na mwiko mkononi, akatoka.

Aliutazama mlango wa mumewe. Mshonaji aliuona uso wake ukibadilika; hakuwa amemwomba ruhusa.

"Mmeuangusha," Mama Onja alisema.

"Tumeulaza, mama. Ukiniambia nitausimamisha sasa hivi."

Mama Onja aliupapasa ubao wa katikati. Wakati huo lifti ilifunguka, akatoka muuguzi wa mlango wa mbele, viatu mkononi, macho yamemlegea. Alikuwa akipita zake kama kawaida. Mkono wa Mama Onja uliinuka wenyewe, kabla mwenyewe hajaamua. Ulikuwa mkono wenye mazoea ya miaka.

"Wewe mwanangu, hebu njoo uonje."

Muuguzi alisimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona anaitwa yeye. Mama Onja alikuwa amekwisha kurudi na kijiko kilichojaa. Muuguzi akaonja, akafumba macho, akafikiri kwa uaminifu wa mtu aliyechoka kiasi cha kutoweza kudanganya.

"Bibi, samahani. Haya hayana chumvi kabisa."

Mshonaji alishika ukingo wa mlango kwa mikono miwili.

"Kabisa?" aliuliza Mama Onja.

"Kabisa. Maharage yenyewe ni laini, vitunguu vimeiva vizuri. Lakini chumvi haijafika."

Mama Onja alimshika mashavu kama aliyempata ndugu yake aliyepotea. "Ubarikiwe tumbo na kizazi. Usiende kulala. Kaa hapo." Kisha akageuka mbio, mbio ambazo miguu yake haikuwa imezionja tangu kule uani, akarudi na sufuria zima na kikopo cha chumvi, akaliweka juu ya mlango. "Haya. Naweka. Niambie."

"Ongeza," alisema muuguzi.

"Basi, hapo hapo," alisema bwana mwenye kofia baada ya kijiko chake.

"Hapo hapo wapi? Ulimi wako una kofia pia?" akasema kinyozi. "Ongeza."

Wakabishana. Mama Onja alisimama katikati yao, akageuza macho kwa huyu na kwa yule, na machozi yakamtoka, yale ambayo hayahitaji vigae. Mshonaji alipoonja, mama mkwe wake alimkazia macho.

"Na wewe?"

"Mama," alisema, akameza mate, "chumvi imezidi kidogo."

"Ahaa," Mama Onja alisema. "Sasa ndiyo nimekuwa na binti."

Jumamosi, Bwana Marufuku alipanda na vijana wawili wa kubeba. Alikuta kitambaa, madaftari, karoti zinazomenywa, mtoto akigonga kijiko. Alitafuta mlango.

"Niliagiza mlango uondolewe."

"Umeondolewa," alisema kinyozi. "Unaona mlango wowote hapa? Hii ni meza."

"Mabango yako yote nimeyasoma," muuguzi akaongeza kwa upole. "Meza haijatajwa."

Bwana Marufuku alivua miwani ili aifute, na mtu asiye na miwani haoni kijiko kikimjia. Alionja kabla hajajua. Akatafuna. Vijana wake wakamtazama kwa wivu.

"Bado punje mbili," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayebandika bango. "Na mabenchi yasogezwe ukutani, njia ya ngazi iwe wazi." Kisha akavuta kigoda, akaketi.

Jumapili ikafika. Mzigo wa Mama Onja ulikuwa umefungwa tangu jana yake, kwa sababu ahadi ni deni, na yeye hakuwa amesema kama bado ataondoka, wala mshonaji hakuthubutu kuuliza. Asubuhi nzima mshonaji alipiga pindo za mapazia huku sikio lake liko kwenye lifti. Alikata uzi pasipohitajika. Alimbusu mtoto mara nyingi kuliko mtoto alivyotaka.

Kitindamimba alipanda, akaenda kwenye mlango wa kahawia. Aliukuta wazi, umewekewa kigoda. Alipiga kengele kwa adabu, hakuna aliyejibu. Akafuata kicheko mpaka mwisho wa korido, na huko akamkuta mama yake mbele ya mlango wa baba yake, amezungukwa na watu asiowajua, amevimba mashavu kwa uhai.

"Umekuja wakati mzuri," mama yake alisema. "Hebu onja."

Muuza vigae alimtazama kaka yake. Kaka yake akatazama dari. Akaonja. Alikuwa mtoto wa ua ule. Kabla ya kujua kuuza alijua kuonja.

"Mama," alisema polepole, "imezidi."

"Kidogo au sana?"

"Kidogo. Tia kiazi kimoja kikubwa, kitainyonya."

Mama Onja alicheka mpaka akashika ukingo. "Nilisahau kuwa nilizaa ulimi, nikadhani nimezaa vigae tu."

Watu wakacheka, naye muuza vigae akacheka, kisha akakumbuka safari. "Mzigo wako uko wapi, nikaushushe garini?"

"Uko chini ya meza. Lakini kamwombe ruhusa mwenye kiti."

Aliinama. Kijiko alikuwa ameketi juu ya mzigo, ananyonya kijiko chake, anamtazama baba mdogo wake kama karani anayekaribia kufunga ofisi.

"Mwanangu," Mama Onja alisema, na sauti yake sasa haikuwa ya utani, "nyumba yako ni nzuri, na moyo wako ni mzuri kuliko nyumba. Nitakuja. Nitakaa siku chache, nitavisifu vigae, nitalibonyeza hilo geti mpaka lichoke. Halafu utanirudisha kwangu."

Kwangu. Mshonaji aliinamia pazia ili asionekane, na pindo lile likaenda upogo, hakulifumua. Linaning'inia mpaka leo katika ukumbi wa shule, na halijamkera mtu.

Muuza vigae aliwatazama watu wale, akalitazama sufuria. Akakunja mikono ya shati, akatafuta kisu cha kumenyea kiazi.

Mama Onja alivua uzi shingoni. Ufunguo ulitoka ukiwa na joto la kifua chake. Aliugeuza mara moja, akaupapasa, akainama, akampa mjukuu wake chini ya ule mlango usiofunga tena kitu. Kijiko alizoea kutoachia alichoshika, lakini ufunguo ulikuwa unang'aa. Akaangusha kijiko, akautia ufunguo mdomoni, akaonja.

Lifti ilifunguka, mtu mgeni akachungulia akiuliza kulikoni, na bibi yule akanyoosha kijiko kwake. Maana nyumba njema kweli si mlango, fungua uingie ndani.